Pumzi Moja Baada ya Hesabu

Bweni la wanafunzi, chumba namba 9
4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na masikio hayajazidi kukusumbua. Mimi sijambo, ila miguu. Nyumbani wote wazima: mdogo wangu amevunja miwani kwa mara ya tatu, na mama angali anafundisha hesabu darasa la pili, anasahihisha mpaka madaftari ya watoto wasio wake. Sijamwambia kama nakuandikia. Unajua mwenyewe jina lako likitajwa mezani inakuwaje. Hakuna anayekasirika, ila chumvi inaombwa haraka haraka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulisema simu huisikii tena, na ujumbe wa simu una herufi kama chawa. Haya, mwandiko wangu ndio huu, usilalamike.

Jambo lenyewe ni kwamba nimeanza muhula wa upasuaji, tena katika hospitali ile ile ulikofanya uuguzi miaka kumi na tisa. Kidole wako, yule aliyenyonya kidole mpaka siku ya kuanza shule, sasa ananawa mikono dakika tano kwa saa ya ukutani, anavishwa gauni kama bibi harusi, kisha anapewa kulabu ya chuma avute ukingo wa tumbo la mtu na asitikisike. Siku ya kwanza nilisimama saa tatu mfululizo. Daktari bingwa wetu hakuniuliza hata jina. Ananiita Kulabu. "Kulabu, vuta. Kulabu, umelala?" Mwenzangu Mrefu alizimia siku ya pili, akaanguka kwa adabu, upande wa mlangoni.

Tumepangiwa Chumba cha Pili, na hapo ndipo nina swali. Kabla ya kufunga tumbo, sista anahesabu vitambaa vya shashi kwa sauti na mwenzake anaitikia, mpaka vitimie vile vilivyofunguliwa mwanzo. Hilo tulifundishwa darasani. Lakini katika Chumba cha Pili, hesabu ikishatimia, wote wananyamaza kwa muda wa pumzi moja hivi. Bingwa anaishika sindano hewani, na daktari wa usingizi anaacha kuandika. Kisha msimamizi wa chumba, mama mmoja mfupi wanayemwita Bi Koleo, anasema "Haya," na kazi inaendelea. Nilidhani ni sala. Nilipomwuliza akanijibu, "Ni utaratibu." Vyumba vingine hawana utaratibu huo.

Jana, katika ule ukimya, nilisikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema neno. Ilitoka kwenye kona ya lile sinki la zamani lisilotumika, na pale hapakuwa na mtu. Huenda ni mashine. Mjomba, enzi zako mlikuwa mnanyamaza hivyo?

Na hili nalo linanikera. Nilipomwambia mama nimepangiwa upasuaji, hakunipongeza. Alisema tu, "Usisimame karibu na sinki," kisha akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Amejuaje kama kuna sinki?

Mpwa wako,
Kidole


19 Februari

Kidole,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika imekunjamana kama ilikaliwa na mtu mnene njia nzima, lakini imesomeka. Huku sijambo. Kazi yangu ya kunoa mikasi inakwenda: washona nguo watatu, vinyozi wawili, na mzee jirani anayeleta mkasi ule ule kila wiki kwa sababu anatafuta mtu wa kukaa naye. Tunakaa. Yeye anaongea, mimi sisikii, tunaelewana sana.

Sasa sikiliza mtu aliyesimama zaidi yako. Usiingie chumbani na tumbo tupu. Usikaze magoti; yule Mrefu alikaza magoti, ndiyo maana akaanguka. Kulabu ivute kwa uzito wa mwili wako, usishindane nayo kwa msuli. Mafundo ya kushonea yafanyie zoezi kwenye mguu wa kitanda, mara mia kwa mkono wa kushoto, na uzi uuloweshe kwanza, maana ndani ya mtu hakuna kitu kikavu.

Na ukipewa siku moja kuhesabu shashi, zitenganishe kwa vidole, moja moja. Usiamini maandishi ya pakiti. Imeandikwa kumi, na aliyeandika hayupo hapo kukuonyesha.

Kuhusu ukimya, wakati wangu haukuwepo. Lile sinki lina bomba bovu, upepo ukipita hutoa sauti. Mama yako ana wasiwasi kama mama yeyote. Usimsumbue na maswali.

Hukuniambia kama unalala vizuri. Niambie.

Mjomba wako


7 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo tena. Nalala vizuri, ila nalala kidogo. Nyumbani hawajambo, miwani mipya imenunuliwa na imefungwa kamba. Mafundo yameshika: mguu wa kitanda changu umejaa nyuzi mpaka mwenzangu wa chumbani anasema kitanda kimevaa soksi. Nilikunja magoti kama ulivyosema. Bingwa ameniambia, "Kulabu leo hujayumba," na Mrefu amenionea wivu siku mbili.

Lakini umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Bomba la sinki nimelichungulia, Mjomba. Limezibwa kwa saruji.

Jumanne tulikuwa na dereva wa lori, anatolewa nyongo. Hesabu ilitimia, ishirini kwa ishirini. Ukimya ukaingia. Na pale kwenye sinki mtu akasema neno moja, sauti ya mwanamke kijana, bila ukali, ikipanda kidogo mwishoni:

"Bado."

Hakuna aliyegeuka. Bi Koleo akasema "Haya," tukafunga. Nilimwuliza Mrefu kama amesikia, akasema amesikia feni. Dereva mwenyewe hana neno, siku ya tano kaondoka wodini anaimba. Alhamisi nikaisikia tena, neno lile lile. Ijumaa tena. Sasa nikiona hesabu inakaribia mwisho mgongo unaniwasha, na kulabu nimeishika, siwezi hata kujikuna.

Kilichonitia hofu si neno. Nilihofu kwa sababu sauti ile naijua. Tulipokuwa wadogo tukikimbilia jikoni kuuliza chakula, mama alitujibu hivyo hivyo, inapanda mwishoni. Na nimekumbuka jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Mara nyingine tulimkuta jikoni asubuhi, jiko limezimwa, hakuna sufuria, hakuna aliyemwuliza kitu, amesimama anatazama ukuta. Anasema, "Bado." Sisi tulicheka tukaenda kucheza.

Bi Koleo aliniita pembeni jana. Akanitazama kipaji cha uso muda mrefu, akauliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamtajia mama, nikakutaja na wewe. Hakushangaa. Akasema nikusalimie, nikuambie pale pako pangalipo.

Mjomba, mama aliwahi kuingia katika chumba kile? Nakuuliza wewe kwa sababu yeye naogopa. Tafadhali usichelewe.

Kidole


11 Aprili

Kidole,

Marahaba. Nimechelewa, nilikuwa na mafua, kisha mashine ya kunolea ikaharibika. Hapa ni salama.

Mama yako hakuwahi kuingia Chumba cha Pili. Msimamizi wako ni mzee sasa, na wazee wa chumba cha upasuaji huwa na imani zao. Mpe salamu zangu, wala usimwendekeze. Unachosikia ni uchovu. Mimi niliwahi kusikia kuku wakati wa operesheni iliyochukua saa saba.

[Hapa pana mstari mmoja uliokatwa kwa rula na wino.]

Kula vizuri. Usiache shule kwa ajili ya upuuzi. Nakuomba sana hilo, mwanangu, kuliko kitu chochote: usiache.

Mjomba


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima, na leo salamu zinaishia hapo, unisamehe.

Mstari ulioukata niliusoma. Niliiweka karatasi dirishani, upande wa nyuma. Uliandika: "Ukisikia neno na huna hakika, nyamaza, mwanafunzi hahesabu." Sikujua kwa nini umeukata. Sasa najua nusu. Sikiliza kilichotokea Jumamosi.

Aliletwa mama mmoja mwoka mikate, tumbo gumu kama ubao, kidonda cha tumbo kimetoboka. Mimi ndiye niliyechukua historia yake. Vidole vyake vilikuwa na unga kwenye kucha. Nilimwuliza maumivu yalianza lini, akaniambia, "Mikate ilipokuwa inaumuka." Kisha akanishika mkono. "Utakuwemo mle ndani?" Nikamjibu nitakuwemo. "Basi unitazamie," akasema, kama mtu anayekuachia duka dakika mbili.

Ilikuwa haraka. Sista mgeni, wiki yake ya kwanza, alifungua pakiti tatu. Mbili alizitenganisha. Ya tatu bingwa alikwisha kuanza kumkaripia, naye akapitisha kidole gumba kwenye kingo za vitambaa, akasema, "Kumi, jumla thelathini." Niliona. Ningekuwa sijasoma barua yako ya Februari nisingeona chochote. Nikajiambia nitasema. Kisha kulabu ikawekwa mkononi, bingwa akasema vuta, na nikaukumbuka ule mstari wako wa wino. Sikusema.

Wakati wa kufunga wakahesabu. Thelathini kwa thelathini. Imetimia.

Ukimya ukaingia. Nikasubiri ile sauti. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naitamani, Mjomba, nilitaka iseme ili mimi nisiseme. Nikatazama kwenye sinki. Hakuna. Hata ile pumzi hapakuwa na mtu wa kuivuta. Kona ile ilikuwa tupu, imenyamaza kunisubiri mimi. Bi Koleo, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa mezani anashika vifaa, akafungua mdomo aseme "Haya."

"Bado," nikasema.

Haikuwa sauti yangu. Wallahi haikuwa yangu. Ilipanda mwishoni.

"Kulabu, umesemaje?" bingwa akauliza.

"Bado, daktari. Pakiti ya tatu haikutenganishwa."

"Hesabu si imetimia?" Hakunitazama. "Mwanafunzi hahesabu. Sindano."

Neno kwa neno, Mjomba. Kama mliazimana mdomo.

Bi Koleo hakumpa sindano. Aliiweka kwenye sinia, akaifunika kwa viganja vyote viwili, akasema, "Hatufungi." Bingwa akapandisha sauti. Yeye akarudia, pole pole, "Hatufungi mpaka utafute." Basi akatafuta, kwa hasira, kisha bila hasira. Nyuma ya wengu, kimejikunja kama punje ya kitunguu saumu, kilikuwepo kitambaa cha thelathini na moja. Ile pakiti ilikuwa na kumi na moja. Kiwandani mtu alikosea, sista hakukagua, na hesabu yote ilikuwa sahihi huku mama wa watu anafungwa na shashi tumboni.

Yule mwoka mikate yu hai. Jana ameniuliza, "Ulinitazamia?" Nikatoka nje nikalia.

Jioni ile nilipiga simu nyumbani. Mdogo wangu akapokea, akasema mama hayuko sawa. Asubuhi alikuwa amekaa jikoni, jiko limezimwa, akasema "Bado" kwa sauti kubwa mpaka jirani akaja mbio akidhani pameungua. Nikamwuliza saa ngapi. Saa tano na dakika ishirini, anakumbuka kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza mpira redioni. Bi Koleo kaandika kitabuni saa tuliyosimamisha kufunga. Saa tano na ishirini.

Nilipokuwa navua gauni Bi Koleo aliniuliza, "Umekuwa ukimsikia na wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kulikuwa na mwanafunzi mmoja zamani, mwenye kipaji cha uso kama changu, aliyekuwa akisimama kwenye sinki. Siku hiyo yeye Bi Koleo alikuwa sista mgeni mezani, naye alinyamaza. Ile pumzi moja aliianzisha yeye alipopewa usimamizi. "Nampa nafasi ya kusema," akasema. "Siku ile hatukumpa." Nikamwuliza nani alikuwa anahesabu. Akasema hayo mengine si yake, ila nikuambie mficha uchi hazai.

Uliniambia mama hakuwahi kuingia. Kama unanipenda usinijibu mimi. Mwandikie yeye.

Kidole


20 Juni

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Nimeiandika barua hii mara sita. Mzee jirani amekuja na mkasi wake mara tano, nimemrudisha. Hali yangu ni ya mtu anayengoja kuitwa.

Ilikuwa miaka ishirini na sita iliyopita. Aliyelala mezani alikuwa mke wa fundi baiskeli, mama wa watoto wawili. Aliomba aingie na kitambaa chake cha kichwa, nikamkubalia, nikamfunga kofia juu yake. Anayehesabu nilikuwa mimi. Mama yako alikuwa mwanafunzi wa udaktari, katika muhula ule ule ulio nao wewe, amesimama kwenye sinki. Siku hizo nilitembea kifua mbele: mdogo wangu anakuwa daktari, na mimi ndiye niliyemfundisha kufunga fundo.

Pakiti zilikuwa tatu. Mbili nilizitenganisha. Ya tatu niliipitishia kidole gumba, kwa sababu daktari alikuwa anapiga mguu chini. Mwishoni nikahesabu thelathini, nikasema imetimia. Mama yako akasema, "Bado, kaka. Ile ya tatu hukuitenganisha." Aliniita kaka mbele ya watu wote. Nikaona haya. Hiyo tu ndiyo sababu, nimeitafuta nyingine miaka yote hii sikuipata. Nikasema, "Mwanafunzi hahesabu." Watu wakacheka, tukafunga.

Yule mama alikufa siku ya tisa, shashi ikakutwa tumboni mwake.

Kukawa na kikao. Wakaniuliza kama hesabu ilitimia, nikasema ilitimia, na huo ulikuwa ukweli. Wakauliza kama kuna mtu aliyeitilia shaka. Nikasema hapana. Wakauliza kama palikuwa na mwanafunzi. Kitabu cha operesheni nilikuwa nimekishika mimi. Jina lake lilikuwa mstari wa mwisho, nami nilikuwa nimekwisha kulikata kwa rula na wino. Nikasema hakuwepo.

Alikuwa nje ya mlango, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, anasubiri kuitwa. Hakuitwa. Nilipotoka aliniuliza neno moja: "Sikuwepo?" Nikampita. Kesho yake akarudisha lile koti. Nyumbani aliwaambia wazee ameshindwa mtihani, nami nilikuwa nimekaa pale pale nikamwacha aseme. Tangu hapo hanisalimii. Bibi yenu alipokuwa hai, mimi nikiingia kwake kwa mlango wa mbele mama yako alitoka kwa wa nyuma, na nilikuwa nakubeba wewe ili angalau nibebe kitu chake. Sikumlaumu. Mtu uliyesema hakuwepo atakusalimiaje?

Chumba kile sikukiweza tena. Nilimwondoa kitabuni, akabaki chumbani. Yeye mwenyewe alikuwa mjini anafundisha watoto kujumlisha, mzima wa afya, na mimi kila hesabu ikitimia namsikia pale kwenye sinki. Sikukuficha kwa kukufanyia mchezo. Nilidhani ni mimi peke yangu, na nilidhani ni haki yangu. Niliondoka mwaka uliofuata, nikawaambia watu ni masikio, wakati huo masikio yalikuwa mazima. Yalipokufa kweli, nilishukuru. Sasa sisikii redio, sisikii mvua kwenye bati, sisikii mashine yangu mwenyewe ya kunolea. Neno lile nalisikia. Nikimaliza kuhesabu kitu chochote, hata mikasi ya wateja, nalisikia.

Ulipomwokoa yule mwoka mikate nililia kwa furaha, kisha nikalia kwa sababu nyingine. Wewe umesema na ukasikilizwa. Yeye alisema kabla yako.

Nimemwandikia mama yako. Nimemwandikia na mkuu wa hospitali, nimetia sahihi, nikaeleza jina lililo chini ya wino ni la nani na kwamba aliyelikata ni mimi. Wanifanye watakavyo. Kama nitakufa kabla hajanijibu, ujue kwamba aliwahi kuwepo, na kwamba alikuwa anajua kazi kuliko mimi.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimekukasirikia siku kumi. Nilitaka nikae mwezi, nikashindwa, wewe ndiye uliyenifundisha fundo la mkono wa kushoto. Lakini usidhani yamekwisha.

Nimefaulu muhula. Bingwa ameandika kwenye karatasi yangu, "Ana msimamo, ana kelele." Ameuliza jina langu kamili ili aliandike. Yule mwoka mikate amekwenda nyumbani.

Barua yako kwa mkuu imefanya kazi. Bi Koleo alipewa ufunguo wa stoo, akakitoa kitabu cha mwaka ule, kimeliwa na mende pembeni. Mstari wa mwisho una wino mnene. Aliishika karatasi kwenye mwanga kama nilivyofanya na barua yako, akalisoma jina la mama herufi moja moja, kisha akaliandika upya chini yake, na neno moja: "Alikuwepo." Mkuu akatia sahihi, Bi Koleo akatia sahihi.

Kesho yake tulikuwa na operesheni ya ngiri. Hesabu ikatimia, ukimya ukaingia. Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Nikasikia feni. Mrefu alikuwa sahihi, kina feni bovu chumba kile. Bi Koleo alingoja pumzi mbili badala ya moja. Kisha akanitazama, na hakusema "Haya" mpaka alipofuta macho kwa bega.

Mama hajaniambia kama barua yako ameipata. Ila mdogo wangu anasema Jumamosi alivaa viatu vya kutokea, akachukua mkasi wake wa kukatia karatasi za darasani, akaondoka bila kuaga. Hajui alikwenda wapi.

Kidole


21 Julai

Kidole,

Marahaba, na hongera. Mtu mwenye kelele ndiye anayetakiwa mle ndani.

Alikuja huku. Nilikuwa mezani nahesabu mikasi ya vinyozi. Nilifika saba, ndiyo yote, nikangoja lile neno kama kawaida yangu. Halikuja. Nikakaa nimeinamisha kichwa, nikadhani sasa nimekufa masikio kabisa. Nilipoinua macho yuko mlangoni. Amenenepa kidogo. Ana mvi hapa na hapa. Mlango wa mbele, Kidole.

Hakunisalimia. Akaingia, akavuta kiti cha mzee jirani, akakaa. Nikamwambia yote upya kwa mdomo, kwa sababu barua mtu anaweza kusema hakuiona. Nilisema kwa sauti kubwa, maana mimi siijui tena sauti yangu, na watu wa njiani walisimama. Sikuwafukuza. Nilisema, "Ulikuwepo. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekukata." Alinitazama mpaka nilipomaliza, kama anayesahihisha daftari.

Nikamwuliza kama amenisamehe.

Nasoma midomo siku hizi, lakini sikuhitaji. Nilisikia kwa masikio haya haya yaliyokufa, na haikuwa ile sauti ya msichana wa kwenye sinki. Hii ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, imekwaruza kwa chaki.

"Bado," akasema.

Kisha akafungua mkoba, akaweka mkasi wake mezani, akanionyesha kwa kidole mahali ulipopata pengo. Nikamwambia ule hauwezi kuwa tayari leo. Amesema ataufuata Jumamosi.

Mjomba wako